Njaa, Vifo, Uzazi na Uhamaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Zamani, mzee wa Handeni au Muheza akiulizwa alizaliwa lini, hakutaja tarakimu; alitaja njaa. Alizaliwa kabla ya nzige, au baada ya ule mwaka watu walipokula mizizi ya porini. Kumbukumbu hiyo ina maana kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu baa la njaa huacha alama katika umri wa jamii nzima: watoto wa miaka fulani huwa wachache, na koo fulani hukutwa ziko mbali na kwao. Maswali yaliyokusanywa hapa yameulizwa na wanafunzi, watumishi wa afya na watu wa kawaida wa Tanga na wilaya zake. Wengi huanza kwa kuuliza ni wangapi waliokufa, na swali hilo ni la haki kabisa. Lakini anayehesabu makaburi peke yake, akaacha watoto ambao hawakuzaliwa na watu walioondoka, hawezi kujua njaa imeifanya nini jamii, na mara nyingi hata hesabu yake ya makaburi huwa na makosa.

Ni wakati gani upungufu wa chakula huitwa baa la njaa?

Wakulima wetu wanaijua miezi ambayo ghala limekwisha na mahindi mapya bado hayajakomaa. Kaya hupunguza milo, hula bada na makopa, yaani ugali wa muhogo na muhogo mkavu, badala ya ugali wa mahindi, huuza kuku na mbuzi, na hukopa dukani hadi mavuno. Hiyo ni njaa ya msimu, nayo huumiza, lakini jamii ina njia za kuivuka.

Baa la njaa ni pale njia hizo zote zinapokwisha kwa watu wengi kwa pamoja. Kipimo kinachotumika kimataifa kina ngazi tano, na ya tano hutangazwa mahali ambapo angalau asilimia 20 ya kaya zimekosa chakula kupita kiasi, angalau asilimia 30 ya watoto wadogo wana ukondefu, na watu wasiopungua 2 kati ya kila 10,000 wanakufa kila siku kwa njaa au kwa utapiamlo unaoshirikiana na maradhi. Idadi ya watu 2 inaweza kuonekana ndogo. Chukua basi kata yenye wakazi 10,000: vifo viwili kila siku ni vifo zaidi ya 700 kwa mwaka, katika mahali ambapo mwaka wa kawaida hauzidishi mazishi 100. Kipimo hicho kinathibitisha msiba ambao umekwisha kutokea, kwa hiyo anayesubiri tangazo ndipo apeleke chakula amechelewa.

Watu hufa kwa njaa yenyewe au kwa maradhi?

Kwa sehemu kubwa hufa kwa maradhi, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu linabadilisha namna ya kuokoa maisha.

Mwili usiopata chakula hutumia kwanza akiba ya sukari, kisha mafuta, kisha misuli. Wakati huohuo kinga hudhoofika na utando wa utumbo huharibika, hivyo kuhara ambako mtoto aliyeshiba angekuvuka kwa siku tatu humuua mtoto aliyekonda. Surua, nimonia, kipindupindu, malaria na homa ya matumbo hupata njia. Nchini Finland, katika njaa ya 1866 hadi 1868 iliyoua takriban asilimia 8 ya watu, wengi waliuawa na homa zilizosambazwa na watu waliokuwa wakizurura kutafuta riziki. Hapa kwetu, katika miaka ya 1890, ndui ilitembea pamoja na njaa: watu walikusanyika palipokuwa na chakula, na ugonjwa ukawakuta wamekusanyika.

Kwa watoto, utapiamlo mkali huja kwa sura mbili. Nyongea humfanya mtoto abaki mifupa na ngozi, na uso wake huwa kama wa mzee. Unyafuzi humvimbisha miguu na uso, nywele zikabadilika rangi, na hapo ndipo ndugu wengi hukosea, kwa kuwa uvimbe huonekana kama unono. Kipimo rahisi ni utepe wa kuzungushwa mkono wa juu: mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 yuko hatarini kufa na anahitaji matibabu mara moja. Mtoto huyo hapewi chakula kingi kwa ghafla, kwa sababu mwili uliozoea kukosa unaweza kuvurugika kwa madini ya damu hadi moyo ukasimama; huanza kwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, chini ya uangalizi.

Hii ndiyo sababu watumishi wenye uzoefu hupeleka chanjo ya surua, vitamini A, maji safi na vyoo pamoja na magunia ya unga. Gari la chakula peke yake ni nusu ya msaada.

Nani hufa zaidi?

Watoto wa chini ya miaka mitano hutangulia, kisha wazee. Katika njaa ya Somalia ya 2010 hadi 2012, makadirio ya vifo vya ziada yalifikia takriban watu 258,000, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa umri huo. Mtoto mdogo ana akiba ndogo mwilini, na kunyonya hakumtoshi ikiwa mama mwenyewe hapati chakula.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba, penye takwimu za kuaminika, wanaume hufa zaidi kuliko wanawake. Nchini Ukraine mwaka 1933 wastani wa umri wa kuishi uliporomoka hadi miaka 7.3 kwa wanaume na 10.9 kwa wanawake. Wanawake wana akiba kubwa zaidi ya mafuta, miili yao hutumia nishati kidogo zaidi, na hata watoto wachanga wa kike hustahimili zaidi. Hiyo haina maana kwamba wanawake hupata chakula zaidi. Mara nyingi mama ndiye anayekula mwisho, tena makoko ya sufuria.

Lakini kuliko jinsia, kinachoamua ni mali. Katika Bengal, jimbo la India chini ya Waingereza, mwaka 1943 waliokufa zaidi walikuwa vibarua wa mashamba, wavuvi na mafundi wadogo wa vijijini, watu wanaonunua chakula kwa ujira wa siku, wala si wenye mashamba yao. Ukitaka kujua nani atakufa kwanza katika kijiji chochote, uliza nani hana shamba na anaishi kwa kibarua.

Je, sababu ni ukame?

Ukame huanzisha, mara chache humaliza. Bengal ilikuwa na mchele, lakini vita, hofu ya wafanyabiashara na uamuzi mbaya wa watawala vilipandisha bei mara kadhaa huku ujira ukibaki palepale, na takriban watu milioni 3 wakafa. Kinyume chake, Tanzania ilipata ukame mbaya mwaka 1973 na 1974, mavuno yakaanguka, serikali ikanunua nafaka nyingi kutoka nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba, na nchi haikuona vifo vya halaiki. Wazee wanakumbuka foleni na mahindi ya njano waliyoyaita yanga, ambayo hawakuyapenda. Mimi nayaheshimu mahindi yale.

Kwa nini vifo huendelea hata baada ya mvua kunyesha?

Kwa sababu mvua huleta mbu kabla ya kuleta mahindi. Mwili uliodhoofika hukutana na malaria wakati shamba linapaliliwa, wakati mbegu imekwisha kuliwa na ng'ombe wa kulimia wamekufa au wameuzwa. Katika Bengal, zaidi ya nusu ya vifo vilitokea baada ya mwaka 1943 kwisha, chakula kikiwa kimeanza kupatikana. Misaada inayofungwa mara tu mimea inapochanua huacha watu katika miezi iliyo mibaya kuliko yote.

Njaa hupunguzaje uzazi?

Kwa njia nyingi zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza iko mwilini: mafuta ya mwili yakipungua kupita kiasi, ubongo hupata ishara kwamba hakuna akiba ya kubeba mimba, mayai huacha kupevuka na hedhi hukatika. Wanaume nao huathirika. Katika jaribio lililofanyika Minnesota nchini Marekani mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa wiki 24 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao, na hamu ya tendo la ndoa iliwatoka karibu kabisa. Walichoota na kuzungumzia ni chakula.

Njia ya pili iko katika maisha ya ndoa. Mume amekwenda kutafuta kibarua, mke amerudi kwao, na hakuna wa kulipa mahari mwaka ambao mbuzi wamekufa, kwa hiyo harusi huahirishwa. Tena watu huamua kwa akili zao: mke na mume wanaoona watoto walionao wanalia njaa huepuka kuongeza mwingine. Mimba nazo huharibika zaidi.

Alama ya haya yote hufika kwenye takwimu baada ya miezi tisa. Nchini China kiwango cha uzazi kilikuwa 29 kwa kila watu 1,000 mwaka 1958, nacho kikashuka hadi 18 mwaka 1961, huku vifo vikipanda kutoka 12 hadi 25 kati ya 1958 na 1960. Katika miji ya magharibi ya Uholanzi, ambako Wajerumani walizuia chakula majira ya baridi ya 1944 na 1945 na mgao wa siku ukawa chini ya kalori 1,000, watoto waliozaliwa miezi tisa baadaye walipungua hadi takriban nusu.

Vipi mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa njaa?

Uholanzi ndiko kulikotupatia jibu lililo wazi, kwa sababu njaa ile ilianza na kwisha kwa tarehe zinazojulikana, na kumbukumbu za wakunga zilihifadhiwa. Mama aliyekumbwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho alijifungua mtoto mwenye upungufu wa takriban gramu 300. Aliyekumbwa katika miezi ya mwanzo, kisha akapata chakula, mara nyingi alijifungua mtoto wa uzito wa kawaida. Lakini watoto hao walipofika utu uzima walionekana kuwa na unene uliopita kiasi, maradhi ya moyo na maradhi ya akili zaidi ya wenzao. Kwa hiyo uzito wa kawaida wakati wa kuzaliwa si ushahidi kwamba njaa haikumgusa mtoto. Kliniki ya wajawazito isiachwe mpaka mama awe amekonda ndipo ajaliwe.

Je, uzazi hurudi juu?

Hurudi, tena kwa kasi. China ilipanda hadi watoto 43 kwa kila watu 1,000 mwaka 1963, juu sana kuliko kabla ya njaa. Harusi zilizoahirishwa hufungwa, waume hurejea, na wanawake wengi kuliko kawaida huwa tayari kushika mimba kwa pamoja, kwa sababu hawana mimba wala hawanyonyeshi. Sababu ya kutonyonyesha ni nzito kuitamka: mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hurudiwa na hedhi mapema. Takwimu inayoonekana kama furaha ya uzazi ina msiba ndani yake.

Nani huondoka kwanza, na huelekea wapi?

Vijana wa kiume hutangulia, kwa muda mfupi, kutafuta ujira. Kisha mke na watoto hupelekwa kwa ndugu walio kwenye mto au mlimani. Kaya nzima kufunga mlango na kuondoka ni hatua ya mwisho, na ikionekana barabarani ujue hali imekwisha kuharibika. Maskini wa mwisho kabisa mara nyingi hawaondoki, kwa sababu safari nayo ina nauli, na mwili usio na nguvu hauwezi kutembea siku tano.

Katika eneo letu njia zilikuwa zinajulikana: kutoka nyika ya Uzigua, nchi ya Wazigua, kwenda milima ya Usambara yenye mvua na migomba, kwenda bonde la Mto Pangani, au kushuka pwani kwenye miji ya Pangani, Sadani na Bagamoyo, ambako nafaka ilifika kwa majahazi. Wakati wa Wajerumani na Waingereza mashamba ya mkonge yaliongeza njia nyingine. Wengi wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliofika Tanga waliletwa na kodi, lakini mwaka wa njaa kwao, posho ya unga shambani ilikuwa na ushawishi kuliko shilingi.

Ni kweli kwamba kuna Wazigua Somalia kwa sababu ya njaa?

Ni kweli, nami sijui mfano ulio karibu nasi zaidi unaoonyesha jinsi njaa inavyohamisha watu.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwakumba Wazigua. Desturi ilikuwepo ya kuweka rehani: mtu alimkabidhi mtoto au ndugu kwa mwenye chakula, kwa ahadi ya kumkomboa baada ya mavuno. Njaa iliporefuka, wengi hawakuweza kukomboa, na rehani ikageuka utumwa. Wengine walishuka pwani wenyewe. Masimulizi ya wazao wao yanasema waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapandishwa majahazini, na walipoteremshwa katika pwani ya Somalia walijikuta wameuzwa kwa wenye mashamba. Baadaye walitoroka. Wanamtaja mwanamke mwenye uwezo wa kuagua, Wanakhucha, aliyewaongoza wakielekea kusini wakitaka kurudi kwao. Walifika bonde la Mto Juba, wakalima humo, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Wasomali waliwaita Mushunguli, na ukilisikiliza neno hilo kwa makini unasikia Mzigua ndani yake.

Vita vya Somalia vya 1991 viliwafukuza tena. Maelfu walikimbilia kambi za Kenya, na wengine wakaja moja kwa moja Tanga, kwa sababu wazee wao walikuwa wamewaambia kwao ni wapi. Leo wapo Chogo, wilayani Handeni, ambako serikali iliwapa ardhi na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Walikuta jamaa wanaowaelewa wakisema. Hesabu yoyote ya njaa ile inayowaandika mababu wao miongoni mwa waliokufa ina kosa, na inayowaacha kabisa ina kosa kubwa zaidi.

Je, kuhama huokoa maisha au huua?

Yote mawili. Anayepokelewa na ndugu mwenye chakula huokoka. Anayeingia kambi iliyojaa hukutana na surua na kipindupindu, hasa wiki za mwanzo. Kambi za Dadaab nchini Kenya zilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 90,000. Mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 460,000, na wengi wa waliofika mwaka ule walikuwa wametembea siku nyingi, na wengine walikuwa wamezika watoto njiani. Msaada unaowafikia watu kabla hawajaondoka kwao huokoa zaidi ya ule unaowasubiri mwisho wa safari.

Kwa nini idadi za waliokufa hutofautiana sana?

Kwa China, makadirio ya njaa ya 1959 hadi 1961 yanaanzia milioni 15 na kupita milioni 40. Wataalamu huhesabu vifo vya ziada, yaani tofauti kati ya vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetokea mwaka wa kawaida, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu mwaka wa kawaida. Kisha kuna watoto wachanga waliokufa bila kuandikwa kuzaliwa wala kufa, kuna wanaowajumuisha watoto ambao hawakuzaliwa katika idadi ya waliokufa, jambo ambalo si sahihi, na kuna waliohama. Kijiji kilichokutwa kitupu kinaweza kuwa cha watu waliokufa au cha watu waliohamia Lushoto. Kwa njaa zetu za karne ya 19, ambazo hazikuwa na sensa kabla wala baada, mtu akikupa idadi kamili, mwulize aliitoa wapi.

Je, njaa hupunguza watu kwa muda mrefu?

Kwa kawaida hapana. Uzazi ukirudi juu, pengo huzibika katika muda wa miaka michache au miongo, ijapokuwa tundu la umri hubaki likionekana katika kila sensa. Wanaosema kwamba njaa ni njia ya asili ya kupunguza watu wamekosea kwa takwimu, na maneno yao ni ya ukatili.

Pengo hukaa pale uhamaji unapoendelea. Ireland ilikuwa na watu milioni 8.2 mwaka 1841. Njaa ya viazi iliyoanza 1845 iliua takriban milioni 1 na kuwaondosha wengine zaidi ya milioni 1, na mwaka 1851 walibaki milioni 6.6. Lakini walioondoka waliwatumia ndugu zao nauli, vijana wakaendelea kuondoka kizazi baada ya kizazi, na hadi leo kisiwa kizima hakijafikia idadi ya mwaka 1841.

Uzigua ilipata namna yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, 1894 na 1895 nzige walikula mashamba, na 1898 hadi 1900 mvua ikakatika. Watu walipokufa na kutawanyika, mashamba yakarudi kuwa pori, wanyama wa mwitu wakaingia, na mbung'o wakafuata na ugonjwa wa mifugo. Ardhi ambayo ilikuwa salama kwa sababu watu wengi waliifyeka haikufugika tena. Njaa ilikuwa imekwisha, lakini mahali pa kurudi hapakuwa tena pale walipopaacha.

Nataka kuandika kumbukumbu za njaa kutoka kwa wazee wa ukoo wangu. Niulize nini?

Usianze na mwaka. Mwombe bibi au babu akutajie watoto wa mama yake kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliofariki wadogo, na uangalie penye nafasi ndefu kati ya mmoja na mwingine. Uliza nani aliondoka, alipita njia ipi, alipokelewa na nani, na nani hakurudi. Uliza walikula nini, na nani alijua kukiandaa, kwa maana viazi vya porini vingine ni sumu visipolowekwa na kubadilishiwa maji. Ukifika kwenye rehani au mtoto aliyeachwa njiani, huenda akanyamaza. Nawe nyamaza, umrudie siku nyingine ikiwa ataridhia. Jina la njaa liandike kama alivyolitamka, kwa Kizigua, Kibondei au Kisambaa, bila kulitafsiri, ndipo baadaye utafute mwaka wake.